Ladu Tatu kwa Siku

Kilole, Korogwe

Oktoba 9

Mke wa mwanangu Muhsin amejifungua alfajiri, mtoto wa kike, kilo tatu kasoro. Muhsin alinipigia simu kutoka hospitali akilia kama vile yeye ndiye aliyezaa. Nikamwambia mtoto ataitwa Kulthumu, jina la bibi yangu mzaa baba. Akasema, "Ngoja nimuulize Nalotuesha."

Nikakata simu. Tangu lini jina la mjukuu wangu likaombewa ruhusa?

Oktoba 10

Wamefika nyumbani. Mzazi atakaa kwangu mpaka arobaini. Muhsin anarudi Handeni keshokutwa, kwenye duka lake la dawa za mifugo. Ndiko walikokutana: yeye anauza dawa ya kupe, msichana kaja na ng'ombe wa baba yake mnadani. Alisilimu, wakaoana, sikualikwa kutoa maoni.

Chausiku hajaja kumwona mtoto. Ana mafua, anasema, hataki kumwambukiza. Chausiku ni mwanangu wa kwanza, fundi cherehani pale Manundu, dakika ishirini kwa miguu. Sauti yake haikuwa na mafua.

Oktoba 12

Nimeshinda jikoni nikitengeneza ladu za uzazi. Bibi Kulthumu alikuwa binti wa wenye duka wa Kihindi pale Mazinde, waliowauzia wakata mkonge, na mpaka anazeeka alizipika kama alivyofundishwa na mama yake aliyezaliwa Bara Hindi. Mimi nilifundishwa nikiwa na miaka tisa, nikisimama juu ya kigoda.

Unga wa uwele unaukaanga kwa samli juu ya moto mdogo, mwiko usipumzike, mpaka harufu igeuke. Karanga unazikaanga peke yake, unazipukuta maganda, unazitwanga nusunusu ili meno yapate kazi. Halafu ufuta, hiliki, tangawizi kavu. Mwisho sukari guru iliyoyeyushwa. Unazifinyanga zikiwa bado za moto, maana zikipoa zinasambaratika mkononi. Viganja vyangu vimekuwa vyekundu kama nimeshika pasi.

Zimetoka tisini. Nimezipanga kwenye bati la biskuti, nikamwita Nalotuesha.

"Tatu kwa siku," nikamwambia. "Moja kabla ya uji, moja mchana, moja jioni. Hiki ni chakula cha mzazi, si cha wageni."

"Asante, Mama."

Akizungumza hanitazami usoni. Muhsin anasema kwao ndiyo heshima. Pengine. Nimefundisha shule ya msingi miaka thelathini na tatu, na watoto waliokuwa hawanitazami usoni walikuwa na jambo.

Oktoba 15

Mvua. Redio inasema ni El Nino. Nepi hazikauki.

Oktoba 19

Siku ya saba ya ladu. Zilitakiwa kubaki sitini na tisa. Zimebaki sitini na tisa. Hesabu iko sawa, na hiyo ndiyo inayonisumbua, kwa sababu ile ya asubuhi namwona anakula, lakini ya mchana na ya jioni anazichukua kwenye sahani anaingia nazo chumbani. Sijamsikia akitafuna. Karanga zina kelele, na masikio yangu bado mazima.

Mtoto analia sana. Maziwa hayamtoshi.

Oktoba 20

Mvua. Chausiku hajaja.

Oktoba 22

Leo asubuhi, kabla jua halijashika, nimeona shuka jekundu kwenye geti. Kijana mrefu, rungu mkononi, sandali za matairi. Nalotuesha alikuwa amesimama naye, kanga kichwani, wanaongea kwa sauti ya chini. Aliponiona dirishani yule kijana akainamisha kichwa, akaondoka.

"Nani yule?"

"Kaka yangu, Mama. Salaash. Analinda maghala kule chini. Akitoka kazini anapita kunisalimia."

Kila Mmasai anayelinda mlango wa watu mjini hapa ni kaka wa mtu. Nimempigia Muhsin. Anasema ndiyo, anaye kaka anaitwa Salaash, lakini Muhsin yuko Handeni, hakuona uso niliouona mimi.

Oktoba 24

Nimempigia Chausiku. Mafua yamekwisha, sasa ni kazi nyingi, sare za shule. Nikamwambia, "Mtoto wa mdogo wako ana wiki mbili hujamshika." Nikasikia cherehani yake ikisimama. Kisha akasema, "Nitakuja, Mama, nipe muda."

Nadhani ni mume wake, Sufiani. Anamzuia. Tangu wapoteze ule ujauzito wa pili amekuwa ananipita njiani kwa salamu fupi kama ananilipa deni.

Oktoba 25

Salaash getini.

Oktoba 26

Salaash getini.

Oktoba 28

Nimejua zinakokwenda.

Nilikaa stoo tangu saa kumi na mbili, nyuma ya magunia, pale penye tofali lenye tundu. Nalotuesha alitoka na kikopo cha plastiki chenye mfuniko wa bluu. Alifunua, akatia ladu mbili, akafunika, akakifunga kwenye kitambaa. Salaash alipokuja akampa. Hakukifungua. Alikishika kwa mikono miwili, akashuka nacho kuelekea Manundu.

Nimekaa stoo mpaka miguu ikafa ganzi. Siandiki ninachowaza.

Oktoba 29

Naandika. Nawaza kwamba si kaka yake. Nawaza kwamba mwanangu anashinda dukani akiuza dawa za kupe huku mke wake anamlisha mwanaume mwingine kwa jasho la mama yake. Nawaza pia kwamba mtoto hana hata chembe ya pua yetu.

Hili la mwisho nimelifuta mara mbili, na mara mbili nimeliandika upya.

Novemba 2

Nimemuuliza tukiwa tunachambua mchicha.

"Kaka yako akitoka hapa anabeba nini?"

Kisu kikasimama. "Kuna kitu anapeleka kwa fundi, Mama."

"Fundi gani?"

"Fundi tu. Wa nguo."

Hakuna nguo inayokaa kwenye kikopo cha mfuniko wa bluu. Sasa najua pia kwamba anasema uongo, na anausema vibaya, kama mtu asiyeuzoea. Au anayejua kujifanya hauzoei.

Novemba 5

Nimesikia kutoka kwa jirani yangu Mama Iddy kwamba barabara ya vumbi ya kwenda kwa wafugaji huko Handeni, ng'ambo ya Misima, imekatwa na maji. Nyumba mbili zimeanguka bondeni.

Novemba 6

Kliniki. Mtoto hajaongezeka kama inavyotakiwa. Nesi akamwambia Nalotuesha, "Kula vizuri, mama, na upumzike. Maziwa hayatoki kwa mtu mwenye mawazo." Nalotuesha akaitikia kwa kichwa. Mimi nilikuwa nyuma yake, meno yameumana. Ladu tisini! Na mjukuu wangu ana mapaja kama ya kifaranga.

Novemba 7

Leo nimefanya. Naamini nimefanya sawa.

Mvua ilikuwa imepumua. Mama Iddy alikuja kuazima ungo, mumewe Mzee Kibwana nyuma yake. Mzee Kibwana ni mjumbe wetu wa mtaa. Tukiwa kibarazani nikaliona shuka. Nikaona kitambaa kikipokelewa. Nikashuka ngazi bila viatu.

"Lete hapa hicho," nikamwambia Salaash.

Akamtazama Nalotuesha kwanza. Nikampokonya, nikafunua, nikawaonyesha wote. Ladu mbili, zimewekwa juu ya karatasi safi.

"Hizi nilimpikia nani?"

"Mimi, Mama," akasema Nalotuesha.

"Na huyu amezaa lini?"

Mama Iddy akacheka. Kicheko kile kilinipa nguvu. Nikasema, "Mwanangu hakuoa mke, alioa mwizi. Unamnyima mtoto maziwa umlishe mwanaume wa getini!"

"Mama," akasema Salaash, "mimi hata sili vitu hivyo. Mimi nape..."

Nalotuesha akamkatiza kwa Kimaa, neno moja tu. Akafunga mdomo.

"Basi sema wewe! Zinakwenda wapi?"

"Siwezi kusema, Mama."

"Huwezi au hutaki?"

"Nimeahidi."

Mzee Kibwana akasema, "Mwalimu, polepole. Huyu bado mzazi." Lakini nilikuwa nimeshapanda mlima, sikuona pa kushukia. Nikamwambia kama ana mtu wa kumlisha, aende akamlishe kwao.

Aliingia ndani. Nilidhani anakwenda kulia. Alitoka mtoto kamfunga kifuani, mfuko mmoja begani, siku ishirini na tisa tu tangu ajifungue. Salaash akampokea mfuko. Alipofika getini akageuka.

"Shikamoo, Mama," akasema.

Sikuitika.

Novemba 8

Muhsin amepiga simu. Wamepitia kwake Handeni, amewasindikiza mpaka kwa mama yake Nalotuesha, ng'ambo ya Misima, korongo wakilivuka kwa miguu. Alisema hayo tu. Nilipoanza kueleza akaniambia, "Mama, leo sitaki kusikia sauti yako." Hajawahi kunisemesha hivyo.

Novemba 9

Mvua tangu asubuhi.

Novemba 10

Mvua. Bati lina ladu kumi na mbili. Sina hamu nazo.

Novemba 11

Chausiku amekuja.

Alisimama mlangoni amelowa, amevaa baibui pana ambalo sijawahi kumwona nalo. Nikamwambia aingie, nikaanza kumweleza habari za mke wa mdogo wake, tangu shuka jekundu mpaka kikopo. Nilieleza vizuri, kwa mpangilio. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akavua baibui, akalitundika kwenye kiti.

Nikaona. Miezi mitano, labda zaidi.

"Zilikuwa zinakuja kwangu, Mama."

Nikakaa chini. Sikumbuki kama palikuwa na kiti.

Alinieleza akiwa amesimama, mikono juu ya tumbo. Mwezi wa tisa Nalotuesha alikuja kujiandikisha kujifungulia huku, wakakutana kliniki, kwenye foleni moja. Chausiku alikuwa ameficha uso nyuma ya kadi. Nalotuesha akaja kukaa karibu naye. "Akaniambia, 'Wifi, unakonda.' Nikamwomba asimwambie mtu. Si wewe, si Muhsin, si yeyote, mpaka niuvuke mwezi wa sita. Akaapa. Akasema Mama akipika ladu, mbili kila siku zitakuwa zangu. Nilidhani anatania."

"Kwa nini hukuniambia mimi?" nikamuuliza. "Mimi mama yako."

Akanitazama kwa namna ambayo sijui niiandikeje.

"Mara ile ya pili nilikuwa na miezi sita. Nilikuambia wewe peke yako. Ukamwambia Mama Iddy, Mama Iddy akaliambia soko. Ukaanza kukaanga uwele mtoto hajazaliwa. Nimerudi kutoka hospitali mikono mitupu, nimefungua mlango huu, nimekuta wanawake saba kwenye mkeka wanamenya karanga za mwanangu. Mmoja akaniuliza, 'Yuko wapi?'"

Nilikuwa nimesahau. Hapana. Niseme ukweli, hapa hakuna anayenisoma: nilikuwa nakumbuka mkeka, nakumbuka karanga, nakumbuka jinsi nilivyowafukuza wale wanawake. Nilikuwa nimesahau kwamba niliwaita mimi.

"Na nilivyomwita mwizi, ulijua?"

"Salaash alinipigia simu siku ileile." Akafuta uso kwa kiganja. "Siku nne najiambia nitakuja kesho. Yeye amebeba aibu yangu na mtoto mchanga kwenye mvua, na mimi nashona sare."

Tulilia, lakini si pamoja. Yeye upande wake wa chumba, mimi wangu.

Novemba 12

Nimepika ladu ishirini. Sukari guru ilishika chini ya sufuria, nikamwaga, nikaanza tena.

Novemba 15

Handeni. Muhsin alinipokea stendi bila kuniamkia. Bodaboda zilitupeleka mpaka Misima na mbele kidogo, kisha matope yakakataa. Tukatembea. Pale korongoni maji yalikuwa yananifika mapajani, ya rangi ya chai ya maziwa, yanavuta. Muhsin akanishika mkono, akanivusha, akauachia mara tu tulipokanyaga ng'ambo. Mama yangu alizaliwa si mbali na hapa, binti wa wakulima Wazigua, na sikuwahi kuvuka korongo hili kumtembelea mtu.

Mama yake Nalotuesha, wanamwita Mama Salaash, ni mwembamba, kichwa kimenyolewa, macho hayana haraka. Tulisalimiana. Nikampa kopo la ladu. Akaliweka kopo juu ya debe bila kulifungua.

Nalotuesha alikuwa amekaa kwenye ngozi, ananyonyesha. Mtoto amenenepa. Wiki moja tu! Niliona mikunjo kwenye mapaja yake.

Mama Salaash akaona ninapotazama. "Hapa mama yake anakula bila kutazamwa," akasema.

Novemba 16

Niliwaomba radhi leo asubuhi, mbele ya mwanangu. Nilisema nilimdhania vibaya, nilimpeleleza kupitia tundu la tofali, nilimwita jina lisilo lake. Lile la pua ya mtoto sikulisema. Litabaki humu nife nalo.

Nalotuesha alisikiliza akiwa ameinama. Mama yake ndiye aliyejibu.

"Ulimwita mwizi mbele ya nani?"

"Mbele ya majirani. Mama Iddy na mumewe, mjumbe."

"Hapa hakuna Mama Iddy. Mimi sikuwahi kudhani mwanangu ni mwizi, unaniambia mimi ya nini? Nenda ukaseme kule ulikosema mwanzo."

"Nitasema."

"Watakuuliza vile vitu vilikuwa vinakwenda wapi."

Nikalitazama lile kopo juu ya debe. Nikisema, nimemtangaza Chausiku kabla ya mwezi wa sita, kama nilivyomtangaza zamani. Nisiposema, Nalotuesha atabaki mwizi aliyesamehewa tu.

Hapo Nalotuesha akainua uso. Akanitazama machoni, mara ya kwanza tangu aolewe.

"Usimseme wifi," akasema. "Mimi nitakaa na jina hilo. Asipatwe na kitu kwa ajili yangu."

Muhsin alitoka nje. Nami nilitamani kutoka.

Novemba 17

Nimerudi Kilole. Nimempigia Chausiku, nimemweleza kila neno. Nikamwambia sitamtaja, hata wanikate ulimi.

Novemba 19

Niliwaita saa nne, Mama Iddy na Mzee Kibwana. Nilivaa kama ninakwenda kwenye mahafali. Nikasema nikiwa nimesimama: "Siku ile hapa nilimwita mkamwana wangu mwizi. Si mwizi. Niliyekosea ni mimi, na nimekwenda kwao kuomba radhi. Nawaomba mliyoyasikia kwangu myafute, na kama mlimweleza mtu, mkamweleze na haya."

Mzee Kibwana akasema, "Umefanya vyema, Mwalimu."

Lakini Mama Iddy alikuwa amesogea kwenye ukingo wa kiti. "Alhamdulillahi. Sasa zile ladu, zilikuwa zinakwenda wapi?"

"Zilikokwenda ni sawa."

"Sawa, lakini wapi? Maana watu watauliza."

Jamani, nilivyobanwa. Maisha yangu yote nimekuwa mtu wa kujibu. Neno lilikuwa limekaa kwenye ulimi kama punje ya moto, na ningelisema Nalotuesha angetakata papo hapo. Nikalimeza.

"Watu wakiuliza, waambie Mwalimu amekataa kusema."

"Haa! Basi kuna jambo," akasema Mama Iddy, na niliona jinsi alivyofurahi. Niliona uso wangu mwenyewe, ule niliokuwa nao nyuma ya tofali.

"Zilikuwa zinakuja kwangu."

Chausiku alikuwa mlangoni. Hakuvaa baibui. Alivaa gauni la kitenge alilojishonea, limebana, na tumbo limetangulia. Sufiani alikuwa nyuma yake, mikono haijui pa kukaa.

"Wifi yangu alikuwa ananipa chakula chake," akasema, "kwa sababu mimi nilimwomba anyamaze. Amenyamaza mpaka akafukuzwa. Mama Iddy, nina miezi mitano na wiki mbili. Mara mbili nimepoteza, unajua, wote mnajua. Hata huyu sijui kama nitamfikisha. Ila siwezi kumlea kwa kuchafua jina la mwenzangu. Kawaambie sokoni, na uanze na Nalotuesha, jina lake ulitamke vizuri."

Mama Iddy akasogeza kiti nyuma. Kisha, sikutegemea, akainuka, akavua mtandio wake akamfunika Chausiku mabegani, akatoka bila kuuliza kitu.

Novemba 20

Jua. La kwanza baada ya siku kumi na moja.

Novemba 23

Muhsin amepiga simu. "Shikamoo, Mama." Nimeitika mara mbili.

Novemba 26

Nalotuesha amekuja, na Kulthumu mgongoni, maana jina walilikubali, na kibuyu cha samli kutoka kwa mama yake. Nilitoka mpaka barabarani kumpokea. Mama Iddy alikuwa kwake anafagia, akasimama, akasema kwa sauti ya mtaa mzima, "Karibu nyumbani, Nalotuesha!"

Hakukaa kwanza. Alisema alichokuja nacho.

"Mama, nimekusamehe, lakini kuishi hapa siwezi. Nitakaa mpaka wifi ajifungue. Baada ya hapo Muhsin atatupangia nyumba kule Handeni. Utakuja kututembelea. Ukija utabisha hodi."

Nilitaka kubisha. Nina vyumba vinne, nina nguvu, mtoto atalelewa na nani? Nikasema, "Sawa, mwanangu."

"Na leo tunapika ladu za Chausiku."

"Atakapojifungua," nikasema. "Mara ile nilipika mapema. Naogopa."

"Mimi pia naogopa," akasema. "Lakini ana njaa sasa."

Akawasha jiko yeye mwenyewe. Samli ya kwao ina harufu kali, ya moshi, Bibi Kulthumu angeikunjia pua. Nilimwonyesha moto unavyotakiwa kuwa, nikamwachia mwiko. Chausiku alikuja saa nane, akakaa kwenye kizingiti, Kulthumu mapajani. Nalotuesha alifinyanga ya kwanza, haikukaa vizuri, imepinda upande mmoja, akampelekea hivyo hivyo.

Chausiku akaila palepale mlangoni, ikiwa bado ya moto, anapuliza vidole, watu wanapita na wanamwona.